Mkono wa Neema

Mama Neema mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba Neema. Sisi hatujambo. Habari za mkono wa Neema zimenikosesha raha, ndiyo maana naandika leo leo.

Unasema maumivu yamo ndani, kati ya bega na kiwiko, humshika akianzisha mpira wa tenisi, na sasa yanamfuata hata kitandani. Hayo huenda si ya misuli tu. Misuli iliyochoka kwa kawaida huuma siku mbili tatu ikatulia. Mfupa uliochoka huzidi kuuma kadiri unavyotumikishwa.

Mfupa u hai. Ukitwishwa mzigo, mwili hubomoa palipochakaa kisha hujenga upya. Ukipewa nafasi huwa imara kweli: mwaka 1977 watafiti waliwapima wachezaji tenisi wa kulipwa 84, wakakuta ukuta wa mfupa wa mkono wa raketi umezidi ule wa mkono wa pili kwa unene, takriban asilimia 35 kwa wanaume na 28 kwa wanawake. Lakini kambi ile ya likizo ya Neema, asubuhi mazoezi na jioni mazoezi, haikuupa mfupa wake nafasi. Kubomoa ni haraka, kujenga ni polepole, na katikati hapo ndipo ufa huanzia.

Eksirei kutoka safi kusikutulize. Mwanzoni mara nyingi haionyeshi kitu. Mwombeni daktari wa mifupa kipimo cha MRI, picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mfupa. Mtazame Jack Draper, mchezaji tenisi Mwingereza anayetumia mkono wa kushoto: Machi 2025 alitwaa mashindano ya Indian Wells kule Marekani, Juni akawa wa 4 duniani. Baada ya mashindano ya Wimbledon mfupa wa mkono huo huo ukamsumbua. Alirudi kwenye mashindano ya US Open, akashinda mechi moja ya mmoja kwa mmoja, akajitoa, na msimu wake ukaishia hapo. Huyo ni mtu mzima mwenye wataalamu wake. Neema bado anakua!

Nakusihi, raketi iwekwe kando kabisa, kocha asikwambie “apunguze tu”. Akimbie, afanye mazoezi ya miguu. Akiruhusiwa kurudi, kuanzisha mpira kuje mwisho, maana ndiko kunakousokota mfupa ule kwa nguvu.

Na hili ni letu akina mama: anakula vya kutosha? Hedhi yake inakuja sawasawa? Binti anayejituma sana huku anakula kidogo, mifupa yake hudhoofika. Muulize taratibu, mkiwa wawili, na daktari naye aambiwe.

Mkishatoka hospitali nipigie, hata kama ni usiku.

Wako,
Mama Salim