Mwanangu, kuhusu fainali ya Nyamagana

Mwanangu,

Sisi huku wazima. Mama yako anakusalimu, mgongo wake umepata nafuu.

Ujumbe wako nimeusoma. Eti Mwanza ni mji wa sangara na mawe, mpira wenyewe uko Dar. Angesema mtu mwingine ningenyamaza, lakini wewe umezaliwa Mabatini, hapa hapa Mwanza.

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 1974, Simba na Yanga waligombea ubingwa wa taifa hapa hapa kwetu, Uwanja wa Nyamagana. CCM Kirumba haikuwepo; hata CCM yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Timu mbili za Kariakoo, ambazo mashabiki wao wananunua nyanya soko moja, zilivuka nchi nzima kuja kumalizana kando ya ziwa.

Pesa ya kiingilio ilitosha mtu mmoja, naye akawa babu yako. Sisi watoto tulibaki nje ya ukuta. Mechi ya watani ukiisikilizia nje inakuchanganya: uwanja unalipuka, hujui nani kapata. Tulimtegemea jamaa mmoja aliyekwea mti, na yeye alikuwa Yanga, kwa hiyo dakika ya 16 alikaa kimya kabisa. Tukajua. Adam Sabu alikuwa amefunga.

Simba iliongoza zaidi ya saa nzima. Zikiwa zimebaki dakika tatu, Gibson Sembuli akasawazisha, na yule jamaa nusura aanguke mtini. Katika muda wa nyongeza, dakika ya 97, Sunday Manara akapachika la pili. Huyo walimwita Kompyuta, wakati kompyuta yenyewe wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuiona hata kwenye picha. Yanga 2, Simba 1.

Ninyi Yanga, watu wa Jangwani, mnalisifu sana bao la Sunday. Mimi nasema mechi iliamuliwa na Sembuli. Timu iliyokwisha kuanza kuhesabu dakika, ukiinyang'anya ushindi mlangoni, miguu inaisha nguvu hata kama pumzi bado ipo. La pili lilikuwa linangoja mfungaji tu.

Wala usidhani mliwafunga wanyonge. Simba ile ile, mwaka ule ule, ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Babu yako, ambaye aliendelea kuiita Sunderland miaka mingi baada ya jina kubadilishwa, alirudi nyumbani akala ugali bila kusema neno. Kesho yake akaanza kumlaumu mwamuzi, hakuacha mpaka uzeeni.

Mkija Disemba, mjukuu wangu umpitishe Nyamagana kwanza, Kirumba baadaye. Siku hizi wameweka nyasi bandia, atapapenda. Ila jezi ya njano asiivae ndani ya nyumba yangu.

Mama yako anauliza kama dagaa wa mara ile waliwafikia, na kama awatume wengine.

Baba yako