Tunatazama pamoja, maiki zimezimwa

Shangazi, shikamoo.

Sisi ni wasimamizi wanne wa kundi la watu 28, ndugu na majirani wa zamani, walioko Tanga, London na Toronto. Kila Jumamosi, saa tatu usiku ya Tanga, tunatazama video moja ya YouTube, mara nyingi ya mapishi, huku tukiwa kwenye simu ya pamoja ya WhatsApp. Simu hiyo inabeba watu 32, kwa hiyo tunaenea.

Mambo ya mitambo tumeshayaweza. Hatumwachii mtu mmoja aonyeshe skrini yake, maana akikatika yeye tumekatika sote, na picha yenyewe hufika ina ukungu. Kila mtu hufungua video kwenye simu au kompyuta yake, kwa ubora wa picha wa chini, 360p, ambao hula kama MB 300 kwa saa. Halafu mmoja huhesabu: tatu, mbili, moja, bonyeza. Baada ya muda mnaachana tu, huyu kaletewa tangazo, yule mtandao umemkwama. Ndiyo maana kila dakika 15 tunasimama, tunatajiana tulipofika, na aliyebaki nyuma anaruka. Hata mambo ya majira tunayajua: mwisho wa Oktoba London hurudisha saa nyuma, Toronto hufuata wiki moja baadaye, na asiyekumbuka huingia tukiwa tumeshatazama saa nzima.

Linalotushinda ni kicheko. Maiki 28 zikiwa wazi, sauti ya video ya huku inaingia kule na kurudi, mwangwi mtupu. Kwa hiyo zote zinazimwa. Mpishi anarusha chapati, inaangukia sakafuni, na kila mtu anacheka peke yake sebuleni kwake. Wapo wanaoandika "hahaha", lakini ujumbe wao unafika wakati wenzao wako kwenye kukaanga kitunguu.

Matokeo yake, watu wetu wanamjua huyo mpishi, watoto wake na hata sufuria zake, lakini mwenzao asipoonekana wiki tatu hakuna anayeuliza. Watafiti Donald Horton na Richard Wohl waliueleza ukaribu wa namna hii mwaka 1956, enzi za redio na televisheni: mtazamaji anamzoea mtangazaji, na mtangazaji mwenyewe hamjui mtazamaji huyo kabisa. Hatukuanzisha kundi kwa ajili ya mpishi.

Tumejaribu wanne wanne, kila mmoja na hedifoni, maiki wazi. Mwangwi umekwisha, na watu wanakatizana maneno kama barazani. Basi tugawane makundi saba? Hapo ndipo tunapobishana. Vijana wa London watajikusanya wao kwa wao, hilo tunaliona tangu sasa. Na bibi zetu wa Tanga wanaingia ili wasikie majina yote yakiitwa mwanzoni, video kwao ni ziada tu.

Wengine wanasema tutazame sote maiki zikiwa zimezimwa, kisha tugawanyike dakika 15 za maongezi. Lakini video ikiisha, nusu hukata simu hapo hapo. Labda tuchague video ya dakika 12 badala ya 50, maongezi yaanze watu hawajachoka?

Je, Shangazi, tugawe kwa kura na kubadilisha kila mwezi, au kila kundi liwe na mzee mmoja wa Tanga? Na nani apewe kazi ya kumpigia asiyeonekana?

Wasimamizi wa Jumamosi