Mwanangu, huyo komba mpunguzie ndizi

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali. Nimeandika kwa kalamu, na mdogo wako ataipiga picha akutumie, kwa sababu nikikutumia sauti huisikilizi mpaka mwisho. Mama yako anakusalimu sana. Kaka yako naye anakusalimu na anauliza ile pesa ya tairi.

Picha tumeipata. Umenawiri, alhamdulillah, na sare ya hoteli imekukaa. Mama yako ameizungusha mtaa mzima: mwanangu huyo, yuko Bukini, huko Madagaska, anazungumza Kifaransa na wageni. Nami nilitamba nayo sokoni, sikufichi. Nilipoikuza ndipo nikaona huyo mnyama begani kwako, huyo komba wa Bukini anayeitwa lemuri, kashika ndizi, na mezani yapo maganda ya ndizi mbili nyingine. Tangu hapo sina raha. Ndizi tatu, mwanangu? Na asubuhi hata haijapanda?

Mimi muuza matunda, nina mizani. Ulisema huyo komba ana kama kilo mbili. Nikachukua ndizi ya kiasi kile, nikaimenya, nikaipima: gramu 100. Mimi nina kilo 70. Nikapiga hesabu nyuma ya daftari la madeni. Ndizi moja kwake ni kama mimi nile kilo tatu na nusu kwa kikao kimoja. Tatu ni zaidi ya kilo kumi. Hata Ramadhani sijapata kumwona mtu wa namna hiyo.

Najua utanijibu kwamba matunda ndiyo chakula chake. Kweli, huko msituni Lokobe, kisiwani Nosy Be, akomba, kama wanavyomwita wenyeji, anakula matunda kuliko kitu kingine, pamoja na majani na maua. Lakini yale ni matunda ya mwitu: kokwa kubwa, nyama kidogo, nyuzi tele, mengine yanakaza ulimi. Haya ninayouza mimi watu wameyachagua tangu enzi za mababu ili yazidi utamu. Ndizi kisukari haikupewa jina lile kwa mzaha. Binti wa shangazi yako, yule aliyesoma udaktari wa mifugo SUA, chuo cha kilimo kule Morogoro, nilimfuata nyumbani na picha yako. Akaniambia kuna bustani ya wanyama Uingereza, Paignton, ambayo mwaka 2014 iliwaondolea kima wake ndizi, kwa sababu ya sukari na meno. Waingereza wanaonunua ndizi kwa bei wameziacha, wewe unazigawa kama karanga.

Na hizo ndizi zenyewe zimeiva vipi? Uliza. Iliyovumbikwa kwa majani haina neno. Lakini wapo wanaotia ule unga wa mafundi wa kuchomea vyuma, ndizi ikawa njano kwa siku moja na ndani bado mbichi. Naujua kwa sababu kuna mwaka biashara ilikuwa mbaya. Basi. Osha ganda kabla ya kumenya, na mikono pia, kabla na baada. Maradhi ya tumbo yanatoka kwake kuja kwako na yanatoka kwako kwenda kwake.

Machungwa ndiyo yaliyonishangaza. Uliandika kwamba unampa kila siku ili asipate mafua. Mwanangu, mnyama huyo vitamini C anajitengenezea mwenyewe mwilini. Sisi wanadamu ndio hatuwezi. Jamii yake wakifugwa, chuma cha kwenye chakula huweza kujikusanya katika ini kikawaharibu, na chungwa linakivuta chuma kiingie zaidi. Dada yako ana mimba ya miezi mitano (hilo nilitaka kukuambia mwisho, sasa limetoka). Kliniki wamempa vidonge vya damu, ambavyo ni chuma hicho hicho, wakamwambia asivinywee chai, bora maji ya machungwa. Kwa dada yako chungwa ni dawa kwa sababu hiyo hiyo inayolifanya kuwa baya kwa komba wako. Na wale lemuri wenye mikia ya mistari, wa kusini mwa Bukini, huko kwao wanakula sana ukwaju na majani yake, na ule ukakasi unakishika chuma kama inavyofanya chai. Mkwaju huko upo. Uliangalia?

Basi mpe majani. Matembele, matango, mabamia, maharage machanga, boga kidogo. Majani yawe mengi, tunda liwe dogo, vipande vya ukubwa wa ukucha, uvifiche kwenye matawi avitafute mwenyewe. Akitafuta hachoki kukaa bure wala hanenepi. Zabibu ikate. Tende na matunda makavu usimpe kabisa. Parachichi usijaribu, kokwa za epo na pichi zitupe, na kisamvu kibichi kina sumu hata kwetu, sembuse kwake. Chokoleti za wageni, hapana. Wala usibadilishe kwa siku moja, ataharisha: punguza ndizi leo, kesho kutwa punguza tena, mpaka ibaki kipande cha kumwitia akikataa kurudi ndani.

Mwenye hoteli atakwambia wageni wanapenda picha za komba na ndizi, kama zile za kisiwa cha Nosy Komba. Mwambie wageni wataondoka Jumapili.

Unamkumbuka komba wetu, wa kwenye mwembe. Mama yako alikwambia amerudi porini, na mimi maneno ya mama yako siyapingi. Ila zile siku nilikuwa nikileta masalio ya meza, mapapai yaliyolainika, maembe yaliyopasuka, naona uchungu kuyatupa, namtilia yote kwenye sahani. Alinenepa akawa hawezi kuruka hata kutoka dirishani hadi kwenye pipa. Nikisema unamlisha vibaya, sijasema umeanza wewe.

Jambo jingine, na hili nalisema mara moja tu. Sheria ya huko imekataza kufuga lemuri tangu miaka ya 1960. Komba ni wa mwenye hoteli, lakini siku wakija watu wa serikali atakayekutwa na ndizi mkononi ni wewe, mgeni, na kibali chako cha kazi ni cha mwaka mmoja. Muulize taratibu, kwa adabu, kama hakuna mahali pa kumpeleka akaishi na wenzake. Wao wanaishi kwa makundi, na majike ndiyo yenye amri. Mama yako alifurahi sana kulisikia hilo. Na usithubutu kusema utamleta Unguja. Huyo hapandi ndege wala mashua, ni mnyama wa mikataba ya dunia.

Sasa mambo ya nyumbani. Bati la jikoni linavuja upande ule ule, fundi alikuja akanywa chai akaondoka. Bei ya karafuu usiniulize. Mama yako anataka mafuta ya mlangilangi, anasema ya Nosy Be ndiyo yenyewe. Nikamwambia milangilangi imejaa Kizimbani hapa hapa Unguja, hasikii. Mletee chupa ndogo ili nyumba itulie. Mimi nimepimwa na wameniambia nina sukari. Usishtuke, ni vidonge tu, na nimeacha kula maembe sokoni. Nimepunguza. Mama yako anadai ameona kokwa mbili mfukoni mwa kanzu, lakini zile zilikuwa za mbegu.

Kwenye jiko la hoteli hapakosi mizani. Mpime huyo komba kila Jumamosi asubuhi kabla hajala, uandike, unitumie namba. Akipanda, nitajua ni ndizi. Nami mdogo wako ataniandikia ya kwangu ya kliniki akutumie, tuone nani anadanganya.

Pesa ya tairi usimpe yote.

Wako,
Baba