Kaniki ndani ya kasha la mama

Mji wa Kale, Mombasa

Shoga yangu,

Assalaam aleikum warahmatullah. Sisi huku hatujambo. Kusi imeshika, na kila asubuhi manyunyu yatukuta nguo ziko kambani. Mzee wako nilimpitia Ijumaa. Mguu bado wamsumbua lakini ulimi mzima, akanituma nikwambie upige simu.

Ujumbe wako ulikuwa mistari mitatu tu. Bintiyo kaambiwa na mwalimu wake huko Uingereza aje shule amevaa vazi la asili ya kwao, nawe wataka nikutumie "vazi letu la asili", upesi, kabla ya mwisho wa mwezi. Mistari mitatu, nayo imenikosesha usingizi wiki mbili. Haya si ya kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia barua na kuitia humu humu furushini. Isome wewe kwanza kabla hujampa mtoto nguo.

Wajua mama alifariki Rajabu. Baada ya arubaini tuliketi, mimi na dada zangu na mama mkubwa, tukalifungua kasha lake, lile la misumari ya shaba tulilokuwa tukijificha nyuma yake. Leso, hizi kanga zetu, zilikuwa sitini na kitu, nyingine bado doti nzima hazijakatwa, zina harufu ya duka. Tulizigawa huku twacheka na kulia, maana kila moja ina kisa: hii alimvalia jirani waliyegombana kwa ajili ya maji, hii baba aliileta siku ya kuomba msamaha, hii ya harusi yangu. Chini kabisa, chini ya buibui lake la kizamani lenye kamba ya kufungia kichwani, palikuwa na kitambaa kizito, cheusi kinachoelekea bluu, kimekunjwa ndani ya gazeti. Hakina pindo, hakina mji wa katikati, hakina jina lililoandikwa. Dada yangu akadhani ni pazia.

Mama mkubwa akakinyakua. "Hino ni kaniki," akasema. "Rudishani hapo."

Kaniki umeisikia hata kama hujaiona. Ilitoka Bara Hindi, imechovywa nili, ikawa nguo ya wanawake wa shamba na wajakazi. Kujitanda kulikuwa kwa waungwana. Mjakazi alijifunga kaniki kwapani, mabega wazi, kichwa wazi, na ukikutana naye njiani ulijua ni nani kabla hujamwuliza jina.

Ile ilikuwa ya nyanya yake mama. Siku tatu zilinichukua kumtoa mama mkubwa maneno, na aliyatoa kidogo kidogo, mlango umefungwa, kama anayesimulia wizi. Bibi huyo aliletwa mtoto kutoka bara, huko Nyasa, akauzwa mara mbili, akawekwa shamba la upande wa Kisauni hadi Waingereza walipofuta utumwa huku pwani mwaka 1907. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Jina lake la kwanza hapana alijuaye. Kilichobaki ni kile kibembelezo mama alichokuwa akituimbia, chenye maneno mawili matatu tuliyodhani ni ya upuuzi. Hata wewe ulilazwa nacho, siku zile ulipokuwa ukilala kwetu.

Na kitu cha kwanza alichonunua kwa pesa zake mwenyewe, asema mama mkubwa, kilikuwa buibui. Hakuwa na godoro, akanunua buibui. Akalivaa jua la saa saba, akapita nalo polepole mbele ya nyumba ya waliokuwa mabwana zake, kisha akarudi akapita tena. Kaniki akaikunja akaiweka. Kwa nini hakuitupa, mama mkubwa hana jibu, nami sina.

Wakumbuka tulivyonung'unika tulipolazimishwa buibui darasa la saba? Ulilificha lako chini ya ngazi ukasema limepotea. Mimi nalo sasa, lile la Dubai lenye mawe mikononi ulilonicheka, kila nikijitupia kabla ya kutoka nasimama kidogo mlangoni. Mume wangu ameuliza mara mbili nimesahau nini.

Nikaenda kwa mjomba kuisoma upya ile shajara yake ya nasaba, iliyotiwa kioo sebuleni, ianziayo Tarim kule Hadhramaut. Majina ya wanaume watupu, fulani bin fulani bin fulani. Hakuna mama, hakuna mke, hakuna dada. Mjomba si mwongo, na sioni sababu ya kulitilia shaka jina hata moja pale. Lakini mti mzima umesimama na hapana mwanamke aliyeuzaa. Nilipomtajia kaniki alinitazama, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Katikati ya hayo ndipo ombi lako likanikuta. Vazi letu la asili: lipi, shoga? Leso? Neno lenyewe ni la Kireno, kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani katika karne ya 19 walikuwa wakinunua vitambaa hivyo vikiwa sita vimeungana, wakavikata vitatu vitatu na kuvishona pamoja. Merikani jina lake lasema litokako. Buibui latoka ng'ambo ya Arabuni. Kweli Pate walifuma hariri yao wenyewe, hata Wareno wakaitafuta, lakini nani leo ana kipande chake? Na ukitaka asili ya asili, Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, akaandika kwamba watu wa hapa ni wacha Mungu na kwamba wote watembea miguu mitupu, wanaiosha mlangoni mwa msikiti kabla ya kuingia. Basi mpeleke mtoto shule pekupeku, na mwalimu akiuliza mwambie ndivyo tulivyo.

Kuna jambo jingine nimeliwaza, usinicheke. Upande ule ule wa Kisauni, tangu 1875, wamishonari walikuwa na kijiji chao cha watumwa waliokombolewa, Frere Town. Ile kengele yao ndiyo iliyopaita mahali Kengeleni, twaipita na matatu kila siku bila kuitazama. Waliofikishwa pale walipewa majina ya Kizungu, wakavishwa gauni na suruali, wakatiwa kanisani. Bibi yetu shambani alikokuwa ni mwendo wa miguu tu kutoka pale. Angeshika njia ile badala ya hii, leo ningekuwa nakutumia salamu za Krismasi, nimevaa gauni la maua na kofia ya Jumapili, na ningekuwa nimetulia kabisa katika imani yangu. Siyasemi haya kwa shaka. Naswali sala zangu, na leso yangu ya kuswalia i safi. Ila zamani nilidhani dini imenifikia kwa jahazi kutoka Tarim, kupitia wale wanaume wa kwenye kioo. Sasa namwona msichana wa Nyasa anaivukia kivukoni kwa miguu yake, buibui jipya kwapani. Naipenda zaidi hivyo.

Halafu waniandikia kwamba sisi huku twastarehe, twavaa tutakavyo. Si sana. Wajua Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu ya 2016 ya Mahakama ya Rufaa, iliyowaruhusu wasichana wa shule moja ya kanisa kule Isiolo kuvaa hijabu. Binti ya dada yangu asoma bara. Yake aivua getini asubuhi, aivaa jioni akitoka, na aikunja vizuri mno kwa mtoto wa umri ule. Nilipomwona akiikunja niliikumbuka ile kaniki kwenye gazeti.

Jumatano nikaenda Mtaa wa Biashara. Nguo zimetundikwa mpaka nje kama kawaida, na kijana wa duka akanitandikia leso juu ya leso mezani. Nilipomwambia ni ya mtoto aliye Uingereza, akachomoa moja kwa haraka, nyekundu na nyeusi, kazi nzuri. Jina: *Mwacha asili ni mtumwa*. "Hii, mama, watu wa nje waipenda sana."

Nikaishika. Nikaisoma mara ya pili, mara ya tatu. Methali hiyo nimeitaja maisha yangu yote, nimeiandika kwenye insha nikapewa alama. Sikuwahi kufikiri kwamba mtumwa asili yake hakuiacha. Alivutwa nayo kwa kamba mpaka ikamtoka. Nikamwambia yule kijana anitolee nyingine, naye akadhani nimeona bei, akapunguza shilingi hamsini.

Nilisimama pale muda mrefu na wanawake wakinisukuma. Mawazo yalikwenda kwa mama, siku tulipomkafini kwa vipande vitano vya bafta. Mwanamke aliyekuwa na leso sitini na kitu, kila moja na neno lake, akatoka nyumbani na nguo isiyosema kitu. Nguo mbili tu katika familia yetu hazina jina, hiyo na ile kaniki.

Basi nimemchukulia bintiyo leso nyingine, nyekundu pia kwa sababu ulisema aipenda. Jina lake: *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Kwa herufi ndogo utaona chapa ya wenyewe, K.H.E. – Mali ya Abdulla, wasije wakakwambia nimekununulia ya bandia. Nimetia na vikuba viwili vya asumini. Vitafika vimekauka, lakini harufu haitoki yote. Na nimetia picha ya kaniki. Yenyewe imebaki kashani. Mama mkubwa alitaka tuichome, tukagombana, sasa ufunguo ninao mimi na yeye hasemi nami, ingawa jana kaniletea mahamri.

Sisemi kwenu nako iko kaniki. Lakini utakapompigia mzee simu, muulize kasha la mamako liko kwa nani.

Leso haijakatwa. Ikate katikati, uipinde vizuri, na ukimfunga mtoto jina likae chini lisomeke, usimpindue maneno juu kama ulivyojifunga wewe siku ile kwa kina bibi harusi tukachekwa mtaa mzima. Iloweke na chumvi kwanza, na usiichanganye na nyeupe. Nyekundu hii yatoa rangi.

Wasalaam,
Shoga yako wa Kuze