Barua ya malalamiko: majina yaliyochanganywa, picha zilizovutwa na sauti zinazokimbia

Lubumbashi, tarehe 9 Juni 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Vipindi,

Kuhusu: Mwezi wa filamu na mifululizo iliyofufuliwa

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu za wateja wenu wa mitaa ya Kamalondo, Kenya, Katuba na Kampemba. Tunakuandikia sisi wenye abonema, yaani tunaolipia matangazo, tunaofuata chaneli yenu ya filamu za sayansi ya kubuni na za njozi. Mwezi wa tano mlitangaza kifurushi cha nyongeza: kazi za zamani pamoja na matoleo mapya yaliyotokana nazo, ili mtazamaji aone cha kwanza ndipo aone kilichofufuliwa. Wazo hilo tulilipokea kwa mikono miwili na nyongeza tukailipa. Toleo jipya linazungumza na la kale karibu kwenye kila onyesho, na asiyeliona la kale anasikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Kilichorushwa, kwa bahati mbaya, kilikuwa kitu kingine.

Tuanze na majina. Mwongozo wa dekoda uliandika "K 2000" (kwa Kiingereza Knight Rider) na kuweka picha ya Pontiac Firebird Trans Am nyeusi. Mtu wa hapa akisoma K 2000 anajua anachosubiri: gari lile la mwaka 1982, taa nyekundu inayokwenda kushoto na kulia puani mwake, na David Hasselhoff kwenye usukani. Kilichokuja ni mfululizo wa mwaka 2008, wenye Ford Mustang na Val Kilmer akilitolea gari sauti. Huo una jina lake la Kifaransa, Le Retour de K 2000, na una haki ya kurushwa kwa jina hilo. Ninyi mlifuta maneno ya mwanzo ya jina, watu wakakaa kungoja gari ambalo halikufika.

Kwa V, hadithi ya wavamizi kutoka angani, kosa lilikuwa baya zaidi. Mlirusha sehemu mbili za mwaka 1983, na kesho yake mkarukia toleo la 2009 kana kwamba ndilo mwendelezo. Mwendelezo ni ule wa 1984 wenye sehemu tatu. Toleo la 2009 linaianza hadithi upya kabisa, na wahusika wengine: mwaka 1983 wageni wanakuja na meli 50, mwaka 2009 wanakuja na meli 29 na kujitambulisha kwa wanadamu kwa mara ya kwanza. Aliyeona sehemu mbili za jana ataelewaje kwamba dunia nzima imesahau uvamizi? Na Doctor Who mmeiandika "msimu wa 1" bila mwaka. Msimu wa 1 upo wa mwaka 1963, upo wa 2005 ulipofufuliwa baada ya kusimama tangu 1989, na upo wa 2024 hesabu ilipoanzishwa tena. Ni misimu mitatu yenye namba moja, na wa kwanza hauna hata rangi. Mwaka ukiandikwa mbele ya jina, tatizo limekwisha.

Sasa Battlestar Galactica, ambayo kwa maoni yetu ndiyo kazi iliyofufuliwa vizuri kuliko zote katika orodha yenu, na ndiyo mliyoiharibu zaidi. Mfululizo wa Glen A. Larson ulianza mwaka 1978. Ronald D. Moore aliujenga upya, na toleo lake halianzi na kipindi cha kwanza cha msimu wa kwanza. Linaanza na filamu ya televisheni ya Desemba 2003, yenye sehemu mbili, takribani saa tatu kwa jumla. Humo ndimo Cylon, roboti maadui wa wanadamu, wanaposhambulia zile koloni kumi na mbili, humo ndimo tunapojua nani amepona na kwa nini meli kuukuu iliyokuwa inageuzwa jumba la makumbusho ndiyo inayobeba mabaki ya watu. Kipindi kiitwacho "33" kinawakuta wahusika tayari wako mbioni, hawajalala kwa siku kadhaa, maadui wakiwafikia kila baada ya dakika 33. Nguvu yote ya kipindi hicho inategemea saa tatu zilizotangulia, nanyi mlianzia hapo hapo. Filamu ya 2003 haikuonekana mwezi mzima, labda kwa sababu kwenye orodha za wauzaji mara nyingi inakaa mbali na misimu, chini ya filamu au chini ya "vipindi maalumu". Anayenunua haki za mfululizo huu lazima aiulizie kwa jina. Vilevile Razor, ya mwaka 2007, mahali pake ni kabla ya msimu wa nne, na The Plan, ya 2009, inatazamwa baada ya kipindi cha mwisho kabisa. Mliiweka The Plan katikati ya msimu wa pili, ikafichua Cylon waliofichwa kabla ya wakati wao.

Kosa la kukata mwisho wa filamu tunalitaja kwa mfano mmoja, kwa sababu huo unatosha. Filamu ya The Thing ya mwaka 2011 ina jina sawa na ile ya John Carpenter ya 1982, lakini inasimulia yaliyotokea kabla yake, kwenye kambi ya Wanorwe huko Antaktika. Fundo linalozifunga filamu hizi mbili limewekwa ndani ya orodha ya majina ya mwisho: majina yanapita, yanasimama, tunaona helikopta na mbwa anayekimbia thelujini, ndipo filamu ya 1982 inapofungukia. Mitambo yenu inakata mara tu majina yanapoanza na kuingiza tangazo. Mlizipanga filamu hizi usiku mmoja, moja baada ya nyingine, halafu mkaondoa dakika zile zile zinazofanya mpangilio huo uwe na maana.

Tuje kwenye picha. Star Trek: The Next Generation, ya mwaka 1987 hadi 1994, ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, lakini ikahaririwa na kumaliziwa kwenye kanda za video za enzi hizo, ndiyo sababu kwa miaka mingi ilionekana yenye ukungu. Kati ya mwaka 2012 na 2014 filamu za asili ziliskaniwa upya, vipindi vikahaririwa tena onyesho kwa onyesho, na picha za meli angani zikaunganishwa upya kutoka kwenye vipande vyake. Waliofanya kazi hiyo waliiacha kwenye uwiano wa 4:3 (upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu), kwani ndivyo ilivyopigwa. Ukitaka kuipanua pembeni unakutana na taa za studio na kingo za seti.

Nakala mliyoinunua ni hiyo nzuri. Inaonekana kwenye nyuzi za sare na kwenye ngozi za waigizaji. Kisha mmeivuta. Kwenye skrini ya nukta 1920 kwa 1080, picha ya 4:3 inachukua upana wa nukta 1440, na kila upande unabaki weusi wa nukta 240. Ninyi mmeijaza mpaka 1920, na kila kitu kimenenepa kwa theluthi moja. Sayari zimekuwa na umbo la yai.

Kwenye maduka ya mawakala wenu mteja anajibiwa kwamba abadili uwiano wa picha kwa rimoti. Jibu hilo si sahihi, na ushahidi uko kwenye kona ya skrini. Nembo ya chaneli yenu ni duara. Kama televisheni ya mteja ndiyo ingekuwa inavuta picha, nembo nayo ingevutwa. Lakini nembo iko duara kamili huku uso wa kapteni Picard umepanuka, maana yake picha ilivutwa kabla nembo haijabandikwa, yaani kwenye mitambo yenu. Mteja akilazimisha 4:3 kwenye dekoda yake, uso unarudi sawa, nembo inabanwa, na akihamia chaneli ya habari inambidi abadili tena. Kuna alama ya uwiano inayosafiri pamoja na picha na kuiambia mitambo iionyeshe vipi. Faili likifika bila alama hiyo, au mtambo ukiwa umewekwa "jaza skrini" kwa kila kitu, matokeo ni haya. Mpangilio huo ubadilishwe kwa faili moja moja.

La Quatrième Dimension (The Twilight Zone), ile ya 1959 hadi 1964, mmeitendea vingine: hamkuvuta, mmekata. Ukijaza skrini pana ya 16:9 kutoka 4:3 kwa kukata unatupa robo ya urefu wa picha. Rod Serling anasimama kutoa utangulizi wake, na nywele zake hazimo.

Tuseme pia palipokuwa pazuri. Usiku wa Dune mliupanga sawasawa: filamu ya David Lynch ya 1984, mfululizo mfupi wa mwaka 2000, kisha filamu ya Denis Villeneuve ya 2021, kila moja na mwaka wake, na weusi wa juu na chini mkauacha kama ulivyo. Basi mnaweza.

Sauti ndiyo iliyowafanya wengi wazime televisheni. Code Quantum (Quantum Leap), ya 1989 hadi 1993, mliirusha kwa Kifaransa kama maandalizi ya toleo la 2022. Mwanzoni midomo na maneno yanakwenda pamoja. Baada ya dakika moja maneno yametangulia. Baada ya dakika nane mhusika anajibiwa kabla hajafungua mdomo. Tangazo likipita, mambo yanarudi sawa, kisha mbio zinaanza tena.

Chanzo chake kinajulikana. Mifululizo ya Marekani ilipigwa kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Televisheni za Ulaya zilikuwa zikiicheza kwa fremu 25, na sauti za Kifaransa za miaka hiyo zilitengenezwa kwa mwendo huo. Dakika moja ya picha ya asili, sekunde 60, kwenye sauti ile ni sekunde 57.6. Mkiweka sauti ya zamani juu ya picha mpya yenye mwendo wa asili, sauti inatangulia sekunde 2.4 kila dakika. Kwa dakika nane ni sekunde 19 na zaidi. Kule kurudi sawa baada ya tangazo kunaonyesha kwamba fundi wenu aliliona tatizo, akakata sauti vipande na kulinganisha mwanzo wa kila kipande. Kulinganisha mwanzo hakusaidii, kwa sababu mwendo wenyewe ndio uliotofautiana.

Namna ya kupima ni kutafuta mlio mkali, kama mlango unaofungwa au risasi, mmoja mwanzoni na mwingine mwishoni. Pengo likiwa lile lile kote, sauti imewahi au imechelewa tu, isogezwe. Pengo likikua, irefushwe: mara 1.0417 kama picha ni ya fremu 24 kamili, mara 1.0427 kama ni ya 23.976. Itumike programu inayorefusha muda bila kushusha kimo cha sauti, la sivyo sauti za waigizaji zitakuwa nzito kuliko tulivyozizoea. Njia nyingine ni kuiharakisha picha ifike fremu 25, na sauti ya zamani itakaa juu yake bila kuguswa. Mojawapo ichaguliwe kabla ya kurusha tena.

Tunachodai ni hiki. Battlestar Galactica irudiwe tangu filamu ya 2003, kwa mpangilio tulioueleza, na V ipewe sehemu zake tatu za 1984. Mwaka uandikwe kwenye mwongozo kwa kila kazi. Orodha za majina ya mwisho zisikatwe, angalau zile zenye onyesho ndani yake. Star Trek, La Quatrième Dimension na Code Quantum zirushwe upya zikiwa zimesahihishwa, kila kipindi mara mbili, jioni na asubuhi ya pili, maana hapa mjini umeme unakatwa kwa zamu na mtaa usio na umeme saa mbili usiku mara nyingi unao asubuhi. Nyongeza ya mwezi wa tano irudishwe, au iongezwe kama siku za abonema kwa kila namba ya kadi iliyolipa.

Tumeambatanisha picha za skrini zinazoonyesha nembo na nyuso kwa pamoja, zikiwa na tarehe na saa ya kila kipindi, pamoja na orodha ya namba za kadi zetu. Majibu yapelekwe kwa maandishi kwa wakala aliyeipokea barua hii, naye ameweka muhuri kwenye nakala yetu.

Wenye abonema wa Lubumbashi