Barua kwa Salim kuhusu Hoja na Muktadha

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hapo ulipoandika kwamba muktadha nao ni hoja tu, na kwa hiyo yatosha kuuongeza kwenye mchoro wa mabishano katika programu yetu, nimekubaliana nawe nusu.

Katika muundo wa kuchora mabishano alioutoa mtafiti Phan Minh Dung mwaka 1995, hoja ni nukta tupu, na shambulio, yaani hoja moja kuipinga nyingine, ni mshale. Yaliyomo ndani ya hoja, aliyeitoa na anayeisikiliza havihesabiwi. Kumbuka sasa kisa alichokitumia mtafiti mwingine, Trevor Bench-Capon, mwaka 2003: Hal, mgonjwa wa kisukari aliyepoteza insulini yake, anaingia nyumbani kwa Carla, ambaye naye ana kisukari, na kutumia ya kwake bila ruhusa. Hoja kwamba amevunja haki ya mali inaishambulia hoja kwamba ameokoa uhai wake. Kwa Dung, isipokuwapo hoja ya tatu ya kumtetea, Hal ameshindwa mbele ya msikilizaji yeyote. Kwa Bench-Capon kila hoja hubeba tunu yake, yaani jambo la thamani inalolitetea, kama uhai au mali, na kwa hadhira inayoutanguliza uhai kuliko mali shambulio hilo halifui dafu, ingawa mshale bado upo. Kinachonipendeza ni kwamba hoja zote mbili zaweza kusimama pamoja: Hal hakukosea kujiokoa, na haki ya Carla haikufutika. Muktadha wa namna hii, yaani hadhira na tunu inayoitanguliza, haukuongeza hoja wala kuiondoa; umebadili nguvu ya mshale, na hapo ndipo tunapoachana.

Lakini tuseme Carla hakuwa na insulini ya akiba. Hapo umepatia wewe, kwa sababu jambo hilo huleta hoja mpya, kwamba Hal amehatarisha uhai wa mwenzake. Na kwa kuwa tunu ya pande zote mbili sasa ni uhai, hadhira ile ile iliyomkinga haina tena cha kumkingia. (Mimi lilinichukua siku nzima kuliona hilo, wewe pengine uliliona kabla chai haijapoa.)

Mwaka 2009 mtafiti Sanjay Modgil aliruhusu hoja ishambulie mshale wenyewe, hata upendeleo wa hadhira, yaani tunu ipi itangulie, ukawa nao jambo la kubishaniwa. Naona hilo ndilo lililo karibu zaidi na dai lako. Basi nijibu: ikiwa kila upendeleo waweza kupingwa kwa hoja nyingine, katika programu yetu ubishi huo utakomea wapi, na kwa amri ya nani?

Wako,
Idrisa