Nywila ni Sahihi, Mbona Folda ya Ofisi Inakataa?

Malalamiko haya hutufikia sisi mafundi wa kompyuta siku moja mbili baada ya mtu kubadili nywila. Kompyuta anaingia vizuri, ila akifungua folda ya pamoja anaambiwa akaunti imefungwa. Anafunguliwa, anafanya kazi kidogo, inafungwa tena.

Windows huhesabu makosa ya kuingia, na yakifika kikomo hata nywila sahihi haifui dafu. Kompyuta iliyowekewa upya Windows 11, kuanzia toleo la 22H2 la mwaka 2022, huja imepangwa kufunga akaunti zake kwa dakika 10 baada ya makosa 10. Kwa anayechapa kwa vidole, kumi ni mengi. Kwa mashine yenye nywila ya zamani ni kufumba na kufumbua.

Na mara nyingi ni mashine kweli. Tunayoishuku kwanza ni fotokopi ya koridoni: fundi aliyeifunga aliweka jina na nywila ya mhasibu ili iskani moja kwa moja kwenye folda, kisha kila mtu akasahau. Mhasibu akibadili nywila, kila anayeskani risiti anamfungia mwenzake akaunti bila kujua. Dawa yake ni kuipa fotokopi akaunti yake yenyewe, inayoruhusiwa kuandika kwenye folda moja tu.

Kabla ya kutupigia, fungua Credential Manager, sehemu ya Windows inayohifadhi nywila, kwenye kompyuta yako, futa nywila iliyohifadhiwa kwa jina la seva (kompyuta inayotunza folda ya pamoja), kisha uzime kompyuta yako na kuiwasha. Angalia pia kompyuta nyingine uliyowahi kuingia ukaiacha hivyo hivyo.

Ikishindikana, tunasoma logi ya usalama ya seva, yaani daftari lake la matukio. Tukio namba 4740 hutaja akaunti iliyofungwa na, mara nyingi, mashine iliyosababisha. 4625 huonyesha kila jaribio lililokataliwa, kwa kawaida pamoja na anwani lilikotoka. Tukikuta anwani za nje ya ofisi, hapo si fotokopi tena: kuna mtu anabahatisha nywila kupitia intaneti, na mlango namba 445, unaotumiwa na folda za pamoja, unafungwa kwenye ruta siku hiyo hiyo. Ndiyo maana anayetuomba tuzime kabisa huku kufungwa kwa akaunti tunamkatalia.

Ukipiga, tutajie jina la akaunti na saa ilipofungwa. Usikae wiki nzima, maana logi ikijaa hufuta ya zamani.